Oda ya Passeriformes tuiite nani: watuao, waimbaji au kama shomoro?

Mtoa hoja: Waandishi wa biolojia kwa Kiswahili hawaafikiani kuhusu jina la oda (yaani kundi kubwa katika uainishaji wa viumbe) ya Passeriformes, ambayo peke yake ina zaidi ya nusu ya spishi zote za ndege duniani. Wapo wanaosema "ndege watuao", wapo wa "ndege waimbaji", na wapo tunaosema "ndege kama shomoro".

"Watuao" halibagui kitu, kwa kuwa kila ndege arukaye hutua, hata korongo. Tukisema maana yake ni kushika tawi, hua anatukwamisha: ana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, hushinda mtini, lakini hayumo katika oda hii. Tofauti imo ndani ya mguu, kwenye kano. Kwa shomoro na wenzake, kano inayokunja kidole cha nyuma haikuungana na ile ya vidole vya mbele, hali kwa ndege wengi wengine zimeungana. Kidole hicho basi hujikunja kivyake na kulibana tawi kutoka upande wa pili. Na mbayuwayu je? Watu wengi huwaita kwa jina hilo ndege wawili: anayejipanga kwenye nyaya za umeme, ambaye ni wa oda hii, na yule wa jenasi ya Apus, ambaye miguu yake hung'ang'ania ukuta lakini haiwezi kukaa juu ya waya, wala hawana udugu wa karibu.

Mchangiaji: Kano nakubali, ila shomoro simkubali. Mwanafunzi akisikia jina hilo atamtafuta ndege mdogo mla nafaka, kisha umwambie kunguru naye yumo! Afadhali "waimbaji", kwani tangu miaka ya 1840 Johannes Müller, mwanaanatomia Mjerumani, aliwapanga ndege hawa kwa kiungo cha sauti kilichopo pale koo la hewa linapogawanyika kuelekea mapafuni, na kunguru, pamoja na ukelele wake wote, ana misuli kamili ya kiungo hicho.

Mtoa hoja: Kweli kunguru ni mwimbaji, lakini waimbaji ni nusuoda tu, yaani tawi moja ndani ya oda. Katika misitu yetu ya pwani yumo ndege mdogo mwenye mdomo mpana, Smithornis capensis, ambaye ni wa oda hii bila kuwa wa nusuoda hiyo. Akitaka kujitangaza huruka duara fupi kutoka tawini, na mlio unaosikika hutoka kwenye manyoya ya mbawa zake.