Mlioirudia ile Hulk ya zamani kwenye DVD, tupeane uzoefu

Mzee wa Deki
Wakuu habari za jioni. Naongelea Hulk yenyewe ya TV, ile ya Dokta Banner (Bill Bixby) akikasirika anageuka jitu la kijani (lile pande la mtu Lou Ferrigno), iliyoanza Marekani 1977 ikaisha 1982, sio hawa wa kompyuta wa siku hizi. Mwezi jana nimepata boksi la DVD misimu yote mitano, nikasema leo watoto wataona utoto wa baba yao.

Kwetu Tanga miaka ya themanini jirani alikuwa na deki, nduguye yuko Maskati anamrekodia vitu kwenye TV ya huko, kwa hiyo Hulk yetu sisi ilikuwa na maandishi ya Kiarabu chini na ustadhi wa madrasa ndio mkalimani, Kiingereza nani anacho. Watu ishirini kwenye mkeka tunasubiri macho yageuke meupe tu. Yakigeuka nyumba nzima kelele. Kwenye episodi moja anageuka kama mara mbili hivi, hayo mengine ya katikati ni soga, na mwenye deki akijisikia anasogeza mbele mpaka shati linapochanika.

Sasa juzi naweka, mwanangu wa miaka tisa kanimaliza mapema, "baba huyu kapakwa rangi, ona shingoni". Nikaangalia shingoni, kweli. Nikanyamaza. Ila ule mwanzo wenyewe, ambao mwenye deki alikuwa anauruka, kumbe Dokta Banner alifiwa na mke kwenye ajali, gari limepinduka mke yuko ndani, yeye hana nguvu ya kulinyanyua. Ndio anaingia maabara kutafuta wale watu walionyanyua magari kuokoa watu wao nguvu walizitoa wapi, mpaka anajipiga mionzi kupita kipimo. Miaka yote mimi najua ni mtu ana hasira tu! Mama watoto wangu nilimzika mwaka juzi. Nikasema ngoja nikaangalie kama geti limefungwa, nikakaa huko nje kidogo.

Haya leteni zenu.

Bint Mkunazini
Pole sana kaka yangu, Mungu amrehemu.
Yangu ni ya fimbo tu. Nilikuwa na kaka yangu, tukatwanga majani ya kisamvu tukapaka uso na mikono, yeye akavaa shati la skuli akakaza misuli lichanike kama la Hulk. Halikuchanika. Nikaenda jikoni nikaleta kisu nikamsaidia mgongoni, hapo likachanika vizuri. Mama aliporudi sokoni alikuta majini mawili ya kijani barazani, tulipigwa sote na ngozi iliwasha siku mbili. Mwaka huu nimemtumia kaka DVD yuko Leicester, tukaiangalia simu ziko wazi, anachosema ni "we bado una deni langu la shati".

Likoni Feri
Hahaha majini mawili!
Mimi nami niwape yangu. Dada yangu alikuwa Houston, akaturushia mikanda mitatu ya Hulk. Sasa mikanda ya Marekani ni NTSC na sisi huku ni PAL, yaani mifumo tofauti ya rangi za TV, deki yetu ilikuwa inakubali zote mbili lakini TV haikubali, picha inatoka black and white. Kwa hiyo mimi nimekua najua Hulk ni wa kijivu. Nimebishana skuli nzima, nimeitwa mwongo, nimepigana na mtu ati ni kijani. Nimekuja kununua DVD nina miaka thelathini na kitu ndio namwona ni kijani kama chupa ya soda, nikaona haya peke yangu sebuleni. Ila ngojeni, kwenye kitabu cha kwanza kabisa cha katuni, 1962, Hulk alikuwa WA KIJIVU, walibadilisha kwa sababu kijivu kilikuwa kinawasumbua kwa kuchapa. Yule jamaa niliyepigana naye nimempigia simu kumwambia. Amenikatia.

Kanjanja Mstaafu
Mimi utotoni niliyemchukia sio polisi wala majambazi, ni yule mwandishi McGee wa kile kigazeti, kila mji anafika kumfukuzia Hulk, nilikuwa namtukana kwenye TV. Halafu maisha yakanifanya mwandishi wa habari miaka 22. Nimeirudia sasa hivi namwona ni mwenzangu kabisa, suti ile ile, kulala gesti, mhariri anataka stori, shahidi kakimbia. Nilikuwa Morogoro kwa habari ya mtu aliyesemekana anageuka fisi, siku nne, nimerudi na picha ya mbwa. McGee muoneeni huruma jamani.

Mama Swaumu
Wa kwangu wa mwisho anavaa vifaa vya masikioni, alikuwa anavificha mfukoni akifika shule. Nikamwambia huyu mtu wa kijani unayemuona hasikii vizuri tangu mdogo, na hakuna aliyemshinda kwa kifua. Hakuniamini, akamuuliza mwalimu wake, mwalimu akatafuta kwenye simu akakuta kweli, Lou Ferrigno aliharibikiwa masikio utotoni. Tangu hapo navyo anavaa, lakini sasa ananguruma darasani, naitwa shule kwa sababu nyingine.

Likoni Feri
Mama Swaumu mwambie hata ile ngurumo si yake Ferrigno, walikuwa wanaingiza sauti ya mtu mwingine, miaka ya mwanzo ilikuwa ya mwigizaji Ted Cassidy. Asije akafukuzwa skuli bure.

Mama Swaumu
Simwambii ng'o 😂

Chalinze Express
Mie naomba kusema kuhusu tairi. Kila episodi pale mwanzoni inaonyeshwa mvua usiku, Banner anabadilisha tairi, spana inateleza anaumia mkono, anageuka. Utotoni niliona upuuzi, yaani tairi tu? Mimi leo ni dereva wa masafa. Sina la kuongeza.

Kanjanja Mstaafu
Mzee wa Deki angalizo, kuna zile filamu walizotengeneza baadaye, ya mwisho ni ya 1990, Bixby mwenyewe ndiye aliyeiongoza, Banner anakufa. Usiwawekee watoto usiku. Na ujue mwaka 1981 Bixby alifiwa na mtoto wake wa miaka sita, mfululizo bado unaendelea. Mimi zile episodi za mwishoni nikimwangalia usoni siwezi kuendelea na karanga.

Bint Mkunazini
Zile DVD za combo zinazouzwa stendi vipi? Msimu mzima kwenye diski moja.

Mzee wa Deki
Dada usijaribu, picha ni miraba miraba, na yangu ya kwanza ilikuwa inaganda katikati ya kugeuka, jicho moja jeupe moja bado.

Kanjanja nimekusikia, hiyo ya 1990 nimeificha juu ya kabati. Jana tumeangalia mpaka kile kinanda cha mwisho, Banner kabeba begi yuko barabarani anaomba lifti. Zamani kikianza kinanda sisi tunakunja mkeka. Yule yule wa rangi ya shingo akaniuliza, "baba sasa analala wapi leo?" Nikamwambia sijui, labda episodi inayofuata wataonyesha. Akasema basi weka. Saa tano usiku, kesho shule. Nikaweka.