Safari tatu za umisheni ng'ambo: je, niende ya nne au nitume nauli?

FundiUmeme_Kijana

Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee, na salamu kwa vijana wenzangu.

Nina umri wa miaka 24, kazi yangu ni ufundi wa umeme wa majumbani, na katika miaka minne iliyopita nimekwenda ng'ambo mara tatu pamoja na timu za umisheni za vijana: mara mbili kwa majuma mawili mawili, na mara ya mwisho kwa mwezi mzima. Sasa kamati ya umisheni ya usharika wetu imeniomba niongoze timu ya safari ya nne. Kabla sijajibu nimeona nilete kwenu jambo linalonisumbua, maana kila nikiligusia nyumbani huambiwa kwamba nimepoa kiroho.

Sijapoa. Safari ya kwanza ndiyo iliyonifanya nianze kusali kwa kumaanisha, badala ya kusali kwa mazoea ya kulelewa kanisani. Siku ya tatu tu baada ya kufika nilishikwa na homa na kuhara, na mama mwenyeji, ambaye sikujua hata neno moja la lugha yake, aliketi kando ya mkeka wangu hadi alfajiri akinibadilishia kitambaa cha maji kwenye paji la uso na kuniombea kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimevuka bahari kwenda kuwahudumia watu, nami ndiye niliyehudumiwa. Hilo silijutii.

Tatizo lilianza katika safari ya tatu, ambapo tulirudi mahali tulipokuwa tumekwenda mara ya kwanza. Kikundi changu kilipangiwa kupaka rangi darasa la shule ya Jumapili. Nilipokuwa nikikwangua ukingo wa mlango, kipande cha rangi kikubwa kama kiganja kilibanduka, nami nikaona matabaka yake kama mtu anayetazama kitunguu kilichokatwa: kijani, chini yake krimu, kisha waridi, kisha krimu tena, na chini kabisa buluu, ambayo ndiyo rangi tuliyokuwa tumeibeba sisi. Nilimuuliza kijana mwenyeji aliyekuwa akinishikia ngazi, naye akatabasamu kwa adabu na kusema kwamba kila timu huja na rangi yake. Katika chumba hichohicho, juu ya mlango, mainswichi ilikuwa na nyaya zilizoungua na kufungwa kwa mfuko wa nailoni. Hakuna aliyeniomba niiguse, kwa sababu ratiba ilikuwa imechapwa kabla hatujaondoka, na ratiba ilisema rangi.

Siku ya kuaga niliombwa kusaini kitabu cha wageni. Nilipekua kurasa za nyuma, nikakuta karibu kila timu imeandika kwamba itarudi, nasi pia mwaka ule tuliandika hivyo. Pembeni mwa baadhi ya majina mtu alikuwa ameweka alama ndogo ya vema kwa penseli. Nilitambua baadaye kwamba ni mchungaji, na kwamba huweka alama hiyo kwa wale waliorudi kweli. Katika kitabu kizima nilihesabu alama tatu.

Swali langu ni hili: je, nikubali kuongoza safari hii, au niishauri kamati itume nauli za watu 12 kama sadaka na sisi tubaki? Nawaomba mnijibu bila kunionea haya.

Mama_Mwenyeji

Marahaba, mwanangu. Mimi niko upande wa pili wa habari yako, kwa kuwa kwa miaka mingi usharika wetu umepokea timu za vijana kutoka nje, na mimi ndiye ninayepanga nani alale wapi na nani apikiwe nini.

Timu inapokuja, kazi nyingine husimama. Mchungaji huacha kutembelea wagonjwa ili awe dereva na mpokeaji wa wageni, kwaya huacha mazoezi ya wimbo wake na kuanza wa kuwalaki, na akina mama wanaofundisha watoto huambiwa wapumzike kwa sababu wageni watafundisha. Methali yetu humpa mgeni jembe siku ya tatu. Timu nyingi hufunga mizigo kabla hatujajua ni jembe gani la kuwapa.

Jambo linaloniuma ni la watoto. Tulikuwa na msichana mdogo ambaye kila timu ikija alikuwa akijichagulia dada mmoja na kumganda kwa majuma mawili, kisha akilia siku mbili baada ya basi kuondoka. Timu ya nne ilipofika hakumkaribia mtu. Nilipomuuliza kama amewajua wageni kwa majina, alinijibu kwamba majina ya wageni hana haja ya kuyakariri kwa sababu hawakai. Alikuwa na miaka saba.

Hata hivyo sitaki ubaki nyumbani kwa sababu yangu. Nakumbuka binti mmoja aliyerudi kwetu mara ya pili akiwa na daftari lenye sentensi kama arobaini za lugha yetu, alizojifunza kwa mwaka mzima, naye akaziharibu vibaya mno tukacheka hadi machozi, kisha akaja kuosha vyombo pamoja nasi bila kamera. Huyo tunamwombea hadi leo kwa jina. Bwana alipowatuma wale sabini, katika Luka 10, aliwaambia wakae katika nyumba moja, wale wanachopewa, wasihamehame. Nadhani alijua tabia ya wageni.

Ushauri wangu ni kwamba umwandikie mchungaji wa kule wewe mwenyewe. Usimuulize kama anawahitaji, kwa kuwa mwenyeji anayetegemea msaada wa wageni huogopa kusema hapana, asije akapoteza wageni na msaada pamoja. Muulize ni kazi gani yake imekwama na ni nani anayeweza kuikwamua, kisha umhakikishie kwa maandishi kwamba akijibu kuwa timu haihitajiki, sadaka itakwenda palepale. Hapo ndipo utasikia ukweli.

Mzee_wa_Kamati

Ndugu kijana, nimekaa katika kamati ya umisheni kwa muda mrefu na baadhi ya ratiba zilizochapwa kabla ya safari nimezichapa mimi, kwa hiyo pokea maneno haya kama ya mtu anayekiri kosa.

Nitaanza kwa kuzitetea safari fupi, kwa sababu naona mizani imeanza kulemea upande mmoja. Mwaka 1957 George Verwer na wanafunzi wenzake wawili walikwenda Mexico wakati wa likizo kugawa vitabu vya Injili, na kutokana na likizo ile ikazaliwa Operation Mobilisation, shirika la umisheni ambalo leo hutuma watumishi katika nchi nyingi na huendesha meli ya vitabu. Kama mtu angewaambia wale vijana watatu watume nauli na wabaki chuoni, tungekosa mengi. Wapo wengi ambao hawangesikia wito wa muda mrefu kama hawangeonja kwanza ule mfupi.

Lakini kuonja si kula, na hapo ndipo sisi wa kamati tunapokosea. Mmisionari Mwingereza William Carey alifika India mwaka 1793, na mwongofu wake wa kwanza wa Kihindu, fundi seremala aitwaye Krishna Pal, alibatizwa Desemba 1800. Hiyo ni miaka saba, na katika ripoti za siku hizi za kila nusu mwaka Carey angeandikwa kuwa ameshindwa mara kumi na nne. Na sisi tusomao Kiswahili tuna deni la namna hiyohiyo kwa mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyewasili Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga mwaka huohuo. Badala ya kurudi, aliketi na lugha. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa. Simsifu kwa kila alilowaza kuhusu watu aliowakuta, kwa maana alikuwa mtu wa zama zake, ila alikubali kuwa mwanafunzi wao kwanza.

Kuhusu hofu yako ya kuonekana umepoa, soma habari za Yohana Marko. Katika Matendo 13 aliwaacha Paulo na Barnaba njiani akarudi Yerusalemu, na katika sura ya 15 jina lake likawatenganisha wale wazee wawili. Lakini katika 2 Timotheo 4:11 Paulo huyohuyo anaagiza aletwe kwa kuwa anafaa kwa utumishi. Anayesita si lazima awe amekimbia.

Katika kamati yetu tulibadilisha jambo moja tu: barua ya mwaliko ndiyo hutangulia, ikitaja kazi na ujuzi unaohitajika, kisha ndipo tunatafuta watu. Zamani tulianza na watu na tarehe, halafu tukawatafutia kazi. Tangu tubadilishe utaratibu huo, timu zetu zimepungua ukubwa, na vijana kadhaa wamenuna, jambo ambalo nimelizoea.

Dada_Mkalimani

Nitasema kidogo, kwa kuwa mimi ndimi ninayesimama katikati. Mgeni mmoja aliwahi kupanda madhabahuni na kumshukuru Mungu, mbele ya wenyeji waliojaa kanisani, kwa kumwonyesha jinsi alivyobarikiwa ukilinganisha na watu hawa wasio na kitu. Alikuwa akilia, na alimaanisha mema. Nilikuwa na muda wa pumzi moja kuamua, nikatafsiri kwamba anamshukuru Mungu kwa kukaribishwa vizuri, na watu wakasema amina. Sijui hadi leo kama nilisema uongo au nililinda amani. Ukienda, kaka, keti na mkalimani wako kabla ya ibada umweleze utakachosema, na umpe ruhusa ya kukukatalia.

Muuguzi_Msafiri

Kaka, wenzangu wamesema ya moyoni, mimi nasema ya begi na makaratasi, kwa kuwa kiongozi wa timu ndiye atakayeulizwa.

Ikiwa mnakokwenda wanadai cheti cha homa ya manjano, chanjo ichomwe mapema, kwa sababu cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 kikishatolewa hudumu maisha yote, kwa hiyo waliokwishachanjwa hawana haja ya kurudia. Dawa za kinga ya malaria zinaendelea kumezwa hata baada ya kurudi, nyingine kwa siku 7 na nyingine kwa majuma 4, na hapo ndipo vijana wengi huzembea wakidhani safari imekwisha. Ulizeni pia kama viza ya utalii inaruhusu kazi ya kujitolea, maana nchi nyingi haziruhusu.

La mwisho ni zito zaidi. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, Wamarekani kumi waliokwenda kwa nia ya kidini walikamatwa wakijaribu kuwavusha mpaka watoto 33 bila hati halali, na ikabainika kwamba wengi wa watoto hao hawakuwa yatima hata kidogo. Na Novemba 2018 kijana wa Kimarekani mwenye miaka 26 aliuawa alipojipenyeza katika kisiwa cha North Sentinel, ambako sheria ya India inakataza mtu kukaribia, na mojawapo ya sababu ni kwamba wakazi wake wanaweza kuangamizwa na maradhi ya kawaida tunayoyabeba sisi. Bidii yao siihukumu. Nasema tu kwamba Paulo mwenyewe, katika Matendo 16:6, alizuiwa na Roho asihubiri Asia, naye akatii.

FundiUmeme_Kijana

Nawashukuru nyote. Mama, jibu la yule mtoto limenikosesha usingizi, kwa kuwa ninazo picha za watoto wa kule katika simu yangu na nimegundua kwamba majina yao siyajui. Nimeziondoa nilikokuwa nimeziweka hadharani.

Nilimwandikia mchungaji kama mlivyonielekeza, na nikaweka wazi kwamba sadaka haitategemea jibu lake. Alikaa siku tisa bila kujibu, nikadhani nimemkosea. Kisha akaandika barua ndefu ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa habari za washirika wake, nani ameoa na nani amefariki, na ndipo nilipogundua kwamba katika miaka minne sikuwahi kumuuliza hata moja ya hayo. Kuhusu kazi, anasema kwamba timu ya watu 12 ingemlemea mwaka huu kwa sababu ana misiba miwili na ujenzi haujakwisha. Anachokihitaji ni mtu mmoja, kwa miezi mitatu, awafundishe vijana wawili wa pale kufunga nyaya za jengo na kusoma mchoro wa umeme, ili mainswichi ile na nyingine zitakazofuata zisisubiri mgeni. Jioni, mmoja wa vijana hao atanifundisha lugha.

Nimeipeleka barua kwenye kamati. Wawili wamekubali, mmoja ameuliza tutaonyesha picha gani kwenye ibada ya kurudi, na uamuzi utatolewa mwezi ujao. Mchungaji ameniomba nije na testa mbili, moja niiache, na mwisho wa barua, chini ya sahihi yake, ameongeza kwa mkono kwamba nisilete rangi.