"Milioni sita mkononi": nani hulipa gharama za kuhamisha umiliki wa nyumba?

Mpangaji wa Kisauni aliuliza:

Assalam alaikum. Nimekubaliana na mzee mmoja kununua nyumba yake ya vyumba vitatu iliyoko Bamburi, Mombasa, kwa shilingi 6,000,000. Tulipofikia bei aliongeza neno ambalo siku ile sikulipa uzito: "Ni milioni sita mkononi, mwanangu." Sasa wakili wake ameleta rasimu ya mkataba, na ndani yake mna kifungu kinachosema kwamba mnunuzi atabeba "gharama zote, ada zote na ushuru wote unaotokana na mauzo haya". Nilikuwa nimetenga shilingi 350,000 juu ya bei. Nanunua kwa fedha zangu, bila mkopo wa benki. Zipi kwa desturi ni zangu, zipi ni zake, na je, nitie saini?

Karani wa Mawakili alijibu:

Wa alaikum salaam, ndugu. Usitie saini kwanza. Mzigo wako mkubwa ni ushuru wa stempu, ambao kwa mali iliyo mjini ni asilimia 4 na kwa ya mashambani ni asilimia 2, na huo kweli hulipwa na mnunuzi. Kwa milioni sita ni shilingi 240,000. Hata hivyo, usiishike hesabu hiyo kama mwisho wa mambo, kwa sababu mthamini wa serikali hutoa thamani yake mwenyewe bila kujali mliyopatana sebuleni. Akisema nyumba ni ya milioni saba, ushuru utakuwa 280,000, na katika akiba yako zitabaki 70,000 za kumlipa wakili, upekuzi wa hati (kukagua rekodi za umiliki) na usajili.

Kuhusu wakili, kila upande humlipa wa kwake. Ada zake zina kiwango cha chini kilichowekwa kisheria, na juu ya ada hizo kuna VAT ya asilimia 16, ambayo wengi huisahau. Mwombe akuandikie jumla yote kabla hajaanza kazi. Malimbikizo ya kodi ya ardhi na ya ada za kaunti ni ya muuzaji. Ndiye anayepaswa kuyamaliza na kuleta vyeti vya kuthibitisha kwamba hadaiwi. Dalali naye hulipwa na aliyemtuma. Kifungu hicho kama kilivyoandikwa kinakutwika hata madeni ambayo hujui yalianza mwaka gani.

Niliuza Nakuru alijibu:

Karani ameeleza vizuri, lakini neno "ushuru wote" ndilo lenye mwiba. Muuzaji hutozwa kodi ya faida aliyopata katika mauzo, na tangu Januari 2023 kiwango chake kilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Mimi niliuza miezi michache baada ya hapo. Nilikuwa nimenunua kwa 3,500,000, nikalipa ushuru wa stempu na wakili jumla ya 200,000, kisha nikatumia kama 800,000 kuongeza vyumba viwili vya nyuma. Gharama hizo zote hutolewa kabla ya kodi kukokotolewa, ila sharti uwe na ushahidi. Nilipofungua bahasha ya risiti za saruji na mabati, nyingi zilikuwa karatasi nyeupe tupu, wino umefifia wote. Niliuza kwa milioni sita, na kama risiti zingesomeka ningelipa 225,000. Bila ushahidi wa ujenzi nililipa 345,000.

Kwa hiyo naelewa kwa nini mzee anataka "mkononi", yaani milioni sita zimfikie nzima bila kukatwa chochote. Lakini kodi hiyo kisheria ni yake, na ukikubali kumlipia, ujue umeongeza bei ya nyumba bila kuitaja. Kabla hamjabishana, muulize jambo moja: anaishi humo mwenyewe? Nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuihamisha haitozwi kodi hiyo. Huenda mnagombania deni ambalo halipo.

Mama wa Majengo alijibu:

Mwanangu, hakuna aliyekuuliza kama unauziwa nyumba pamoja na kiwanja chake. Hapa Mombasa nyumba bila ardhi ni jambo la kawaida. Mtu hununua kuta na paa, kisha kila mwezi anamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Upekuzi katika ofisi ya ardhi uje kabla ya malipo ya kutangulia, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, na fedha hizo zishikwe na wakili hadi mauzo yakamilike, zisiende mfukoni mwa mzee.

Mpangaji wa Kisauni alijibu:

Nawashukuru nyote. Mzee ameniambia anaishi humo tangu 2009, na bili za umeme kwa jina lake anazo kwenye faili. Wakili wangu ameandika kifungu upya: ushuru wa stempu na usajili ni wangu, madeni ya nyuma na kodi ya faida, ikiwapo, ni ya muuzaji. Upekuzi umeonyesha kwamba hati ni ya ardhi, ina jina lake na haina rehani. Ada za kaunti ndizo zilizokuwa hazijalipwa kwa miaka minne. Mzee amenuna kidogo, lakini amekubali zikatwe katika milioni sita zake.