Mrejesho: The Icon, Silent Assassin imepatikana

Wakuu, niliuliza kwa nini The Icon, misheni ya ziada ya gemu ya video Hitman (2016) pale Sapienza, mji wa kubuni ndani ya gemu, inaninyima cheo cha Silent Assassin (cha kuua mlengwa bila kugunduliwa) ilhali mlengwa, Dino Bosco, kafa kwa ajali. Mlioniambia niangalie miili mingine mlikuwa sahihi. Ajali inasamehe maiti ya mlengwa tu. Yule fundi uliyemzimisha ili uvae nguo zake, mwili wake ukikutwa, cheo kimekwenda, hata kama bado anapumua! Kasha moja la kufichia miili linameza miwili, kwa hiyo mzimishie jirani na kasha, usimburute mbali. Kamera ikikunasa, haribu rekodi kabla hujatoka. Mwenye kidoti cheupe juu ya kichwa mkwepe, huyo sare uliyojificha nayo haimdanganyi.