Mwezi wa kitabuni umesimama, wa kwetu umelala kama mtumbwi. Mwenye kujua anieleweshe

dogo_wa_Mbagala
Habari za jioni wakuu. Nina mdogo wangu yupo darasa la sita, juzi kapewa zoezi achore mwezi mchanga, yeye akachora umelala chali kama mtumbwi, ncha zote mbili zinaangalia juu, mwalimu kampiga kosa eti mwezi unachorwa umesimama kama ulivyo kitabuni. Dogo kaja ananuna, kanivuta mpaka uani, na kweli bwana pale juu ya mnazi wa jirani upande wa magharibi mwezi umelala vilevile alivyouchora. Sasa kosa la nani hapo, dogo au kitabu? Na ile sehemu isiyoonekana si ndo kivuli cha dunia, au nilikariri vibaya?

Mzee wa Porojo
Kivuli cha dunia hicho mkuu, mbona rahisi. Hayo ya kulala na kusimama ni macho yako tu.

ticha_jografia
Mzee wa Porojo unampoteza mwenzio. Kivuli cha dunia ni habari ya kupatwa kwa mwezi, na mwezi haupatwi kila ukiwa mpevu kwa sababu njia yake imeinama kama nyuzi 5 hivi, mara nyingi unapita juu au chini ya kivuli. Hizi sura za kila siku ni kitu kingine. Mwezi hauna mwanga wake, nusu yake muda wote inamulikwa na jua, ila sisi tunaona kipande tu cha hiyo nusu kutegemea umefika wapi kwenye mzunguko, toka mwandamo mpaka mwandamo siku 29 na nusu.

Mfanyie dogo hivi, siku umeme umekatika ndo raha zaidi. Egesha tochi ya simu juu ya kabati, chomeka chungwa kwenye kijiti, nyoosha mkono na ulibebe juu kidogo ya kichwa, halafu geuka taratibu kuelekea kushoto. Ukiwa umeitazama tochi chungwa ni jeusi, ukigeuka robo unaona nusu inang'aa, ukiipa tochi mgongo lote linang'aa, huo ndo mpevu. Ukilishusha likaingia kwenye kivuli cha kichwa chako basi hapo umeupata ule wa kupatwa.

Sasa kulala. Upande unaong'aa siku zote unaelekea lilipo jua. Sisi Dar tupo kama nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, jua letu linazama karibu wima, ndo maana giza linaingia fasta, kwa hiyo saa moja jioni jua limeshazama na lipo chini kabisa ya mwezi, tumbo linalong'aa linaangalia chini, mtumbwi huo. London ipo nyuzi 51 kaskazini, kule jua linazama mshazari likielekea kulia, mwezi unamulikwa ubavu wa kulia, unaonekana umesimama. Cape Town wao ubavu wa kushoto. Aliyechora kitabu alichora anachokiona kwao. Huku kwetu wenyewe kuna miezi unainama kidogo, Machi na Septemba hasa, Juni na Desemba ndo unalala vizuri. Dogo apewe maksi zake.

Binti Makunduchi
Ahsante ticha. Mama yangu analima mwani, hizo nyuzi hazijui hata moja, lakini ukimwambia mwezi una siku ngapi anakwambia bahari ipo vipi. Ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanatoka mbali huko, na saa zake ni zilezile, saa nne saa tano asubuhi, utawaona wanashuka na kamba zao na vigingi kichwani. Ukiwa nusu, maji mafu, wanakaa nyumbani. Mie sijawahi kuelewa kwanini mara mbili kwa mwezi, ningedhani mpevu tu ndo wenye nguvu.

ticha_jografia
Kwa sababu jua nalo linajaza na kutoa maji, japo kwa kiasi kidogo kuliko mwezi maana lipo mbali sana, kama kilomita milioni 150, mwezi upo 384,000 tu. Mwezi ukiandama umekaa upande mmoja na jua, ukiwa mpevu wamekaa pande mbili zinazotazamana, mara zote mbili wapo kwenye mstari mmoja, na kwa kuwa kila mmoja anainua maji upande wa dunia unaomwelekea na upande wa pili pia, miinuko yao inajumlishana, bamvua. Ukiwa nusu kila mmoja anainua maji sehemu yake, mmoja anampunguzia mwenzie, maji hayajai sana wala hayatoki sana. Na mwezi unachelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku, maji nayo yanachelewa hivohivo, mama anajua hilo bila saa.

Mzee wa Porojo
Haya nimekubali yaishe 😂 kumbe ndo maana bendera ya Mauritania mwezi umelala halafu ya Uturuki umesimama, mi nilijua ni fasheni tu.

dogo_wa_Mbagala
Wakuu nimerudi. Chungwa limefanya kazi, ila mara ya kwanza nilishika tochi mwenyewe mkononi nikawa nageuka nayo, chungwa linang'aa muda wote, dogo ananicheka. Sasa kaniletea lingine, leo saa nane mchana kauona nusu mwezi mashariki, umepinduka kama bakuli lililofunikwa, mgongo juu. Mtumbwi umepinduka au?

ticha_jografia
Sheria ni ileile, upande unaong'aa unaelekea jua, na saa nane jua bado lipo juu sana, juu zaidi ya mwezi. Huohuo utazameni saa tano usiku upande wa magharibi, mtakuta bakuli limekaa sawa.

dogo_wa_Mbagala
Saa tano dogo kashalala zamani. Nitatoka uani mwenyewe.