Naomba ushauri: kadai raundi zote, kumbe wa kuongoza ni mwenzake

Wakuu, huku Dodoma tuna kikundi cha briji (karata za wawili dhidi ya wawili), na mwamuzi ni mimi (kwa sababu kitabu cha sheria ni changu, si kwa ujuzi).

Mkataba 3 bila turufu, yaani mchezaji (aliyeshinda mnada) lazima ale raundi 9 kati ya 13. Kila mtu kabakiwa na karata tatu, mchezaji kashakula raundi 8. Magharibi, ambaye pamoja na mwenzake Mashariki ni wazuiaji (wapinzani wa mchezaji), akabwaga ree, kingi na kwini ya kopa: "Zote zetu, mmeanguka moja!" Sasa, wa kuongoza ni Mashariki, mwenye kopa moja na shupaza mbili ndogo. Akitoa shupaza, mchezaji ana ree na kingi yake, anafika 10. Mashariki anaapa angetoa kopa tu, maana mwenzake alishatupa jeki ya kopa kama ishara.

Sheria ya 70, toleo la 2017, inakataa dai la mzuiaji linalotegemea mwenzake achague karata fulani kati ya uchezaji wa kawaida, na huo "wa kawaida" unajumuisha hata uzembe. Nikampa mchezaji 10. Zikazuka kelele, hadi majirani wakachungulia.

Je, ishara ile inatosha kuiondoa shupaza kwenye uchezaji wa kawaida? Mashariki si mgeni wa mchezo, ila usingizi anao. Na kwa vile mchezaji hakuomba tuendelee kucheza, nilikuwa sahihi kuamua palepale?