Wakuu, tunaliwa kwa fasti breki (mbio za ghafla wakishapata mpira) kila mechi, tufanyeje?

GadiWaMkoani:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwanafunzi mwaka wa tatu, nachezea timu ya kikapu ya chuo na toka kocha wetu aondoke nimeachiwa na mazoezi juu, kwa hiyo mnionee huruma. Jumamosi tumecheza na chuo cha jirani, kota ya kwanza tunaongoza 18 kwa 14 watu wanapiga vuvuzela, mechi inaisha tumekula 71 kwa 49. Na sio kwamba jamaa wanajua sana, wakitulia na mpira tunawakaba fresh tu, shida tukikosa shuti, kijana wao jezi namba 7 anakuwa ameshafika kwenye ringi yetu, anapigiwa pasi moja ndefu anaweka kama yuko mazoezini peke yake. Nimewakimbiza vijana wiki nzima mpaka wengine wakatapika, jana kwenye ya kirafiki hali ile ile. Nihamie zoni, kila mtu akabe eneo lake badala ya mtu wake? Au tuwachezee faulo mapema pale katikati kabla hawajafika? Marudiano wiki ijayo. Natanguliza shukrani.

Rebaundi_Tu:
Mkuu acha kutapisha watoto wa watu, pumzi sio tatizo lako. Namba 7 hawashindi mbio, anaanza kukimbia nyinyi bado mnaangalia mpira kama utaingia. Nikuulize, mpira ukiwa hewani watu wenu wangapi wako nyuma ya mstari wa pointi 3? Naweka soda hapa, hakuna hata mmoja. Na zoni haitakusaidia, zoni inakaba watu wakishafika mahali pao, fasti breki inakuja kabla hamjafika. Kama kuna mtu alirekodi hiyo mechi kaa uiangalie, kila kikapu cha mbio rudisha nyuma sekunde tano uone kilianzia wapi.

FilimbiMfukoni:
Hilo la faulo futa kabisa, nachezesha haya mashindano. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ukimgusa mtu kwa makusudi ili tu kukata mbio zao, hata kama ni katikati ya uwanja na hajaanza kushuti, napiga faulo isiyo ya kiuanamichezo, wanapewa mitupo 2 na mpira unabaki wao. Ukipata mbili za hivyo unatoka uwanjani. Vijana wengi wanaiga walichoona kwenye video za zamani kisha wanakuja kunililia mimi.

MzeeWaKikapu:
Kijana wangu, hili tatizo ni la zamani kuliko wewe. Marekani mwaka 1990 kulikuwa na chuo kinaitwa Loyola Marymount, kocha Paul Westhead, walikuwa wanakimbia kama wanafukuzwa na nyuki, wastani wao msimu ule pointi 122.4 kwa mechi. Kwenye mashindano ya taifa wakampiga Michigan 149 kwa 115, Michigan ambaye ndo bingwa mtetezi! Mechi iliyofuata wakakutana na Alabama, hao wakagoma kukimbia, wanakaa na mpira, shuti mpaka liwe la uhakika, ikaisha 62 kwa 60. Loyola alishinda lakini kabanwa nusu ya pointi zake. Sasa usiende kuiga kama ilivyo maana Alabama walikuwa na sekunde 45 za kushuti, wewe una 24. Cha kuchukua hapo ni kwamba shuti lako bovu ndo pasi yao ya kwanza. Baada ya hapo chuo kingine, UNLV, akaja akakimbia nao sambamba akawatandika 131 kwa 101, ila wewe huna wachezaji wa UNLV.

Chapati_Maharage:
Jezi namba 7 aolewe kwenu tu yaishe 😂

GadiWaMkoani:
Wakuu nimerudi, nimeangalia video kwenye simu usiku kucha. Vikapu vya mbio 14. Sita vimetoka kwenye mashuti yetu ya kona, fowadi kashuti kona, mimi nimeingia ndani kugombea rebaundi (mpira uliokosa na kudunda), katikati hamna mtu. Vitano tumepoteza mpira wenyewe kwa pasi za kupita katikati ya uwanja. Vilivyobaki aibu naona mimi, senta wetu amesimama mikono juu anamlalamikia refa, watu wanne wanarudi kukaba watano. Soda yako ipo mkuu.

DadaPointiGadi:
Kaka hapo umeshajijibu. Sisi timu ya wasichana tulikuwa hivyo hivyo. Panga leo, shuti likitoka watatu wanaingia ndani, wawili wanarudi bila kuangalia kama umeingia, mmoja mpaka chini ya ringi, mwingine juu asimamishe mpira. Chuo cha Virginia cha kocha Tony Bennett kilichochukua ubingwa wa vyuo Marekani 2019 kilikuwa kinakubali kuacha rebaundi kibao za mbele, kwenye ringi ya wapinzani, ili watu wawahi nyuma. Wakija wawili na wewe mmoja usirukie mpira, rudi nyuma huku unamtishia mwenye mpira, mlazimishe apige shuti la mbali au achelewe mpaka wenzako wafike.

Zoezi: watano wapange mstari chini ya ringi, watano wengine mstari wa mitupo huru wakiangaliana nao. Mpe mpira mmoja wa wale wa chini ya ringi, wote watano wanakimbia nao kwenda ringi ya upande wa pili, mlinzi anayeangaliana na aliyepewa lazima kwanza aguse mstari wa mwisho ndo arudi. Wanne wanajikuta wanakaba watano, na watapiga kelele wenyewe bila kuambiwa, "mpira wangu, mpira wangu!" Dakika 10 kila siku zinatosha.

GadiWaMkoani:
Asante sana dada. Mimi ndo pointi gadi, yaani naongoza mpira, nikipenya mwenyewe nani anabaki juu?

DadaPointiGadi:
Aliye upande wa pili, mbali na mpira. Ukipenya kulia, wa kushoto anapanda juu wewe bado hujashuti, sio baada. Na huyo senta, akiinua mikono kwa refa mtoe dakika 2, kocha wangu alinifanyia mimi mara mbili tu nikaacha.

GadiWaMkoani:
Poa, kesho saa kumi na moja naanza nalo hilo zoezi. La senta ndo naliogopa, ni rumeti wangu na wali anapika yeye.